AL-KHALIL BIN AHMAD, ALIYEWEKA MIZANI YA MASHAIRI

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ali zake na masahaba zake. Amma baad.

Hapana mji katika mwambao wetu, tokea Lamu mpaka Vanga, ambao Qasida ya Burda haijasomwa ndani ya misikiti yake na majumba yake. Wako wazee walioihifadhi tangu utotoni, na wako vijana waijuao kwa lahani yake tu. Lakini tukiulizana: ni kitu gani kinachozishika beti zile hata zikaenda mwendo mmoja tangu ya kwanza mpaka ya mwisho? Na msomaji akikosea, ni kwa kipimo gani twajua kwamba amekosea? Aghlabu yetu twanyamaza. Jawabu ya suala hili ililetwa na mtu mmoja aliyeishi miaka mia tano kabla ya mtungaji wa Burda, mtu ambaye hakuacha nyuma yake nyumba wala dinari, bali aliacha mizani ambayo kila shairi la Kiarabu lapimwa kwayo hata leo. Tumependa kuwaeleza ndugu zetu maisha yake, kwani katika maisha hayo mna mafunzo kwa mwenye kusoma qasida na kwa asiyesoma.

Kuzaliwa kwake na masomo yake

Bwana huyu ni Abu Abdirrahman Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, wa kabila la Azd. Alizaliwa mwaka wa 100 wa Hijra, nao ni 718 Miladi, na wengi katika wenye kuandika tarekhe wasema kuwa alizaliwa Oman, nchi ambayo jamaa wengi wa mwambao wetu wana asili yao huko. Yapokewa kwamba baba yake ni katika watu wa mwanzo kabisa kupewa jina la Ahmad baada ya Mtume wetu s.a.w. Al-Khalil alikulia Basra, akasoma huko, akasomesha huko, na huko akafa. Ndiyo maana huitwa pia Al-Basri.

Basra katika siku zile ilikuwa bandari kubwa ya Iraki, na yeyote aliyekulia katika mji wa bandari kama yetu hatakosa kufahamu hali yake. Waarabu wa bara na wa pwani walikutana hapo na Wafursi, na Wahindi, na watu wa kila jinsi. Wengi waliingia katika dini ya Kiislamu wakajifunza Kiarabu ukubwani, na ndimi zikaanza kuteleza. Neno la kupandishwa likashushwa, na la kuvutwa likakatwa. Wanavyuoni wakakhofu, kwani lugha hiyo ndiyo chombo kilichochukua Qur'ani na Hadithi, na chombo kikitoboka, kilichomo humwagika.

Al-Khalil alisoma kwa mabingwa wa zama zake. Mmoja wao ni Abu Amr bin Al-Ala, ambaye ni katika wale maqari saba mashuhuri, na mwengine ni Isa bin Umar Ath-Thaqafi. Kisha yeye mwenyewe akawa mwalimu wa waalimu. Mwanafunzi wake aliye mashuhuri kuliko wote ni Sibawayh, naye alikuwa Mfursi kwa asili, aliyetunga kitabu kikubwa cha nahau. Na atakayekifungua kitabu hicho ataona kwamba sehemu kubwa ya yale yaliyomo yametoka katika kinywa cha Al-Khalil.

Na tusiende mbali. Kila mtoto wetu afunguapo juzuu yake chuoni, huona juu ya harufu na chini yake zile alama za fataha, kasra na dhamma, na shada, na hamza. Hapo kale Abul-Aswad Ad-Duali alikuwa ametia nukta kuonyesha irabu, lakini nukta hizo zilichanganyika na nukta za harufu zenyewe. Ni Al-Khalil aliyeweka alama hizi tuzijuazo: dhamma ni wau ndogo, fataha ni alifu ndogo iliyolazwa, shada ni kichwa cha shini, na hamza ni kichwa cha aini. Basi hakuna mmoja wetu aliyesoma chuoni ila ana deni la bwana huyu shingoni mwake, amjue asimjue.

Kwa nini alishughulika na mashairi

Huenda mtu akasema: mwanachuoni mcha Mungu, ana haja gani na mashairi? Twamjibu kwamba Qur'ani si shairi, wala haipimwi kwa mizani ya mashairi, na hilo limekwisha kuelezwa katika Sura ya Yasin. Lakini Sayyidna Abdallah bin Abbas, radhi za Mungu zimfikie, alikuwa akiulizwa maana ya neno gumu la Qur'ani, hulitafutia ushahidi katika mashairi ya Waarabu. Na Mtume wetu s.a.w. alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit, aliyemtetea kwa ulimi. Ikiwa mashairi ni shahidi wa lugha, basi shahidi huyu yampasa ahifadhiwe asije akageuzwa maneno yake. Msimulizi akisahau neno akatia jengine, nani atajua? Mwandishi akiruka harufu moja, nani atamrudisha? Haja hiyo ndiyo iliyomshughulisha Al-Khalil.

Kuvumbuliwa kwa mizani

Yasimuliwa kwamba Al-Khalil alipokwenda kuhiji alimwomba Mwenyezi Mungu katika mji wa Makka amruzuku ilimu ambayo hajatanguliwa na mtu kuipata. Aliporudi Basra alifunguliwa mlango wake. Na yasimuliwa pia kwamba siku moja alipita sokoni mahali pa wafua shaba, akasikia nyundo zikipiga juu ya masinia: pigo, kisha kimya kidogo, kisha mapigo mawili, kisha kimya. Watu wengine walipita hapo kila siku wakasikia kelele tu. Yeye akasikia mpango. Akatambua kwamba shairi nalo ni hivyo hivyo: ni harufu zenye mwendo na harufu zilizotulia, zikifuatana kwa utaratibu usiobadilika.

Akaingia nyumbani, akaanza kupima beti moja moja za Waarabu wa zamani na wa zama zake. Mwanawe alimkuta siku moja akitamka vipimo vyake peke yake, akatoka mbio kuwaambia watu kwamba baba yake ameingiwa na wazimu. Watu walipokuja, Al-Khalil hakughadhibika. Alisema kwa beti mbili za shairi kwamba mtoto amemlaumu kwa kuwa hajui, naye amemsamehe kwa kuwa ajua kwamba hajui. Hii ndiyo adabu ya mwenye ilimu mbele ya asiyekuwa nayo.

Majina ya ilimu yake aliyachukua katika hema la Mwarabu wa jangwani. Mstari mzima wa shairi akauita bayt, yaani nyumba, nasi twasema ubeti. Nusu ya ubeti akaiita misraa, yaani ubao mmoja wa mlango wenye mbao mbili. Fungu dogo la harufu mbili akaliita sabab, nayo ni kamba ya hema. Fungu la harufu tatu akaliita watid, nacho ni kigingi. Kamba yaweza kulegezwa au kukazwa, na kwa hivyo katika sabab yajuzu kupunguza. Lakini kigingi kiking'olewa hema huanguka, na kwa hivyo watid katikati ya ubeti haiguswi. Katika kamba hizo na vigingi hivyo alifanya vipimo vinane, na kwa vipimo vinane akazipata bahari kumi na tano. Bahari ya kumi na sita ilizidishwa baada yake na Al-Akhfash, mwanafunzi wa Sibawayh.

Ajabu kubwa ni kwamba bahari hizo hakuziacha mbali mbali. Alizipanga katika duara tano. Twae kipimo cha mustaf'ilun, ukiandike mara tatu katika duara. Ukianza kusoma mwanzo wake, hiyo ni bahari ya Rajaz. Ukianza katika kile kigingi chake, yaani 'ilun, ukazunguka, utapata mafaa'iilun mara tatu, nayo ni Hazaj. Ukianza katika kamba yake ya pili, yaani taf, utapata faa'ilaatun mara tatu, nayo ni Ramal. Duara ni moja, harufu ni zile zile, na bahari ni tatu. Waarabu waliimba katika bahari hizi miaka mingi pasina kuujua udugu huu, mpaka akaja mtu mmoja akasikiliza.

Burda katika mizani yake

Sasa tuitie Burda katika mizani hii. Mtungaji wake ni Imam Al-Busiri wa Misri, aliyefariki katika miaka ya 1290, na beti zake ni yapata 160. Bahari yake ni Basit. Kila nusu ya ubeti katika Basit yataka vipimo vinne: mustaf'ilun, faa'ilun, mustaf'ilun, faa'ilun. Kipimo cha kwanza kina harufu saba na cha pili kina harufu tano; kirefu na kifupi hupokezana, na kupokezana huko ndiko kunakoipa Burda ule mwendo wake wa utulivu, kama mtu atembeaye hatua ndefu kisha hatua fupi.

Lakini msomaji mwangalifu ataona kwamba kipimo cha mwisho cha kila nusu hakikutimia harufu tano. Alifu yake imeondolewa, ikawa fa'ilun. Wenye ilimu hii hukuita kupunguza huko khabn, nako kumeingia katika kamba, si katika kigingi, kwa hivyo ni halali. Al-Busiri ameshikamana nacho mwisho wa beti zake zote. Ama kupunguza kwengine, kama mustaf'ilun kuwa mutaf'ilun mwanzoni mwa ubeti wa kwanza, hakumlazimu. Mara hukutia na mara hukuacha.

Ama kina chake, harufu ambayo qasida yote imejengwa juu yake, nayo huitwa rawi, ni mimu yenye kasra. Ndiyo sababu Burda huitwa Mimiyya. Katika ubeti wa kwanza nusu zote mbili zaishia katika mimu hiyo, ili sikio la msikilizaji lijulishwe mapema. Baada ya hapo ni nusu ya pili tu inayoishika. Na qasida nyingine ya Al-Busiri, Hamziya, yenye zaidi ya beti 450, bahari yake ni Khafif na rawi yake ni hamza yenye dhamma.

Faida ya haya yote ni nini? Faida yake ni kuhifadhi maana. Katika Kiarabu kuvuta na kukata si pambo la sauti, ni maana. Neno jamaal, likivutwa, ni uzuri. Neno jamal, likikatwa, ni ngamia. Tuseme qasida yamsifu Mtume wetu s.a.w. kwa uzuri wake, kisha msomaji, kwa kufuata lahani aliyoipenda, akalikata neno lile. Watu wataitikia kwa mapenzi, na hali kilichotamkwa ni ngamia! Lakini ajuaye mizani, hata kama maana imempita, sikio lake litashtuka, kwani harufu moja iliyotulia imetoka na kipimo kimevunjika. Mizani ni mlinzi wa mlango: hamjui kila mtu wa nyumba ile, lakini mgeni humtambua.

Nasi twasema wazi, bila ya kumlenga mtu, kwamba tumehudhuria majlisi si moja ambazo lahani ndiyo iliyokuwa sultani na maneno yakawa watumwa wake. Lahani nzuri haikatazwi. Linalokatazwa ni kumsifu Mtume kwa maneno tuliyoyageuza kwa mikono yetu wenyewe, kisha tukatumai thawabu.

Mizani yetu sisi

Tusifahamu kwamba mizani ya Al-Khalil yafaa kila lugha. Ushairi wetu wa Kiswahili hauhesabu harufu zenye mwendo na zilizotulia. Wahesabu mizani kwa kila silabi. Utenzi una mizani nane katika kila kipande. Vipande vitatu vya mwanzo vyakubaliana kwa kina, na cha nne hushika kina kimoja tangu mwanzo wa utenzi mpaka mwisho, kama alivyofanya Mwana Kupona katika utenzi wake wa mwaka 1858. Al-Inkishafi ina mizani kumi katika kila kipande. Na kina chetu ni silabi nzima, si harufu na irabu yake kama rawi ya Waarabu.

Sayyid Aidarus bin Athman wa Pate alipoifasiri Hamziya kwa Kiswahili, hakukilazimisha Kiswahili kiingie katika bahari ya Khafif. Aliitia katika ukawafi wenye mizani kumi na tano, kipimo ambacho sikio la Mswahili lakijua. Twaona ya kuwa huyu ndiye aliyemfuata Al-Khalil kwa kweli. Kwani Al-Khalil hakuleta kanuni kutoka Uyunani wala Uajemi akawavika Waarabu. Alisikiliza wao wenyewe wasema vipi, kisha akatoa kanuni katika kusema kwao. Anayemfuata mwanachuoni huifuata njia yake ya kutafuta, si kuchukua tu alichokipata.

Zuhudi yake

Ilimu hii kubwa ilimpa nini Al-Khalil katika mali ya dunia? Mwanafunzi wake An-Nadhr bin Shumayl alisimulia kwamba mwalimu wao aliishi katika kibanda cha matete Basra, hana hata fulusi mbili, na hali wanafunzi wake walikuwa wakichuma mali kwa ilimu yake. Yasemwa pia kwamba mwaka mmoja alikuwa akihiji na mwaka mmoja akitoka katika jihadi.

Sulayman bin Habib Al-Muhallabi, liwali wa Ahwaz, alimpelekea mjumbe kumwita aende akawasomeshe wanawe. Al-Khalil akamtolea mjumbe mkate mkavu, akamwambia kwamba hana kingine cha kumkirimu, na kwamba maadamu anao mkate huo hana haja na Sulayman. Liwali akakasirika akamkatia posho aliyokuwa akimpa. Al-Khalil akamjibu kwa shairi kwamba aliyempasua kinywa amedhamini kumruzuku mpaka atakapomfisha. Maneno hayo yalipomfikia, Sulayman alitahayari, akamwandikia kumtaka radhi na akamzidishia ile posho maradufu.

Na pamoja na ukali huo kwa wakubwa, alikuwa mpole kwa wanafunzi. Mtu mmoja alikuja kwake muda mrefu kujifunza aruzi asifahamu chochote. Al-Khalil hakumfukuza. Alimpa ubeti aupime, na maana ya ubeti ule ni kwamba usiloliweza liache, ushike uliwezalo. Yule mtu akaupima kwa kadiri ya uwezo wake, akaondoka, asirudi tena. Al-Khalil akawa akistaajabu kwamba mtu aliyeshindwa na aruzi yote aliweza kuifahamu ishara ile.

Katika kazi zake ni kile Kitabul-Ayn, kamusi ya kwanza ya Kiarabu. Hakuipanga kwa alifu, be, te, bali kwa mahali harufu zinapotoka, akianzia ndani ya koo, ndiyo maana ikaanza kwa aini. Yeye aliweka msingi wake na mpango wake, na yasemwa kuwa mwanafunzi wake Al-Layth bin Al-Mudhaffar ndiye aliyeikamilisha.

Kifo chake

Kifo chake kilikuwa kama maisha yake. Yasimuliwa kwamba alikuwa akifikiri kutoa njia nyepesi ya hesabu, ili kijakazi akienda dukani kununua asiweze kudhulumiwa na mwenye duka. Aliingia msikitini na fikira hiyo imemshika, asiione nguzo iliyo mbele yake, akaipiga kwa nguvu, akaanguka. Na hiyo ikawa sababu ya mauti yake. Mwaka wa kufa kwake wengine wausema ni 170 na wengine 175 wa Hijra, nao ni 786 au 791 Miladi. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Tuzingatie, enyi ndugu zetu. Mtu huyu alianza kwa kulinda maneno ya washairi yasiibiwe harufu moja, na akamaliza kwa kulinda mkononi mwa kijakazi fulusi isiibiwe. Mizani ni mizani, iwe ya ubeti au ya dukani, na mwenye kupunguza katika moja atapunguza katika nyingine. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Kitabu chake tusimamishe mizani kwa uadilifu.

Basi ombi letu ni dogo. Kila mwenye watoto wanaosoma qasida, amtake mwalimu awasomeshe kwanza maneno na maana, kisha mizani, kisha lahani. Na sisi tuliokwisha kuwa watu wazima tusione haya kuuliza. Al-Khalil alisikia mpango katika nyundo za wafua shaba, nasi tunayo Burda masikioni mwetu tangu utotoni. Si vyema tuondoke duniani nasi tumesikia kelele tu.

Wabillahi tawfiq.